Pumzi ya Kushoto

Mgeni hakugonga mlango mpaka sauti ilipokwisha. Hilo ndilo lililomfanya Chiriku ageuke.

Watu wengine wote waliokuja kwenye chumba kile cha kufundishia waligonga kama askari wenye haraka. Huyu alisimama nje akaisikiliza sauti ndefu ya filimbi ya Bi Mkunga ikipanda na kushuka kama mlevi anayetafuta kitasa, akaiacha ifike mwisho wake kwa heshima zote, ndipo akagonga taratibu.

"Karibu, mlango hauna ufunguo," Chiriku alisema.

Aliingia mwanamume mrefu, begi la safari begani na kijisanduku chembamba cheusi kwapani. Kijisanduku kile Chiriku angekitambua hata akiwa amefumba macho. Mwenye filimbi haibebi ikining'inia kama kikapu. Huibana ubavuni kama kitoto kilichopitiwa na usingizi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia kwanza Bi Mkunga, kisha akamgeukia Chiriku. "Habari za kazi, mwalimu. Samahani kwa kuwakatiza. Mlinzi wa ukumbi mkubwa ameniambia nikifika hapa nimuulize Chiriku."

"Chiriku karuka kutafuta punje. Wewe unamtakia nini?"

Bi Mkunga alicheka mpaka filimbi ikamgonga kidevu. "Usimsikilize, baba. Chiriku ndiye huyo huyo. Okestra nzima wanamwita hivyo kwa sababu ya kile kifilimbi chake kidogo, hiyo pikolo."

Mgeni alimtazama Chiriku, akasahau kuondoa macho.

"Kumbe ni wewe," alisema polepole, kama mtu aliyekuta kisima mahali alipoambiwa kuna mchanga mtupu.

Chiriku aliona masikio yake mwenyewe yakipata moto. Akajitia kupanga karatasi za noti ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Ni mimi. Haya, sema shida yako."

"Nimetoka mbali, nimekuja kwa usaili wa Jumamosi. Kiti cha filimbi ya kwanza. Nyumba niliyofikia, mwenye nyumba ana mtoto mchanga, ameniapia kwamba nikipuliza hata mara moja begi langu nitalikuta barabarani. Na ukumbi unapakwa rangi. Natafuta tu pembe ya kufanyia mazoezi."

Kiti cha filimbi ya kwanza. Maneno hayo yalimshuka Chiriku kama maji ya mtungini asubuhi. Kwa kuwa kiti hicho kilikuwa chake. Chake cha moyoni, si cha mkataba. Aliyestaafu alikuwa amekikalia tangu Chiriku hajazaliwa. Ndivyo vilivyo viti vya okestra: anayekaa hainuki mpaka mvi zimjae au meno yamtoke, na wanaosubiri huzeeka wakiwa wamesimama. Yeye alikuwa anaitwa kwa mkataba wa onyesho moja moja, anakaa mwisho wa safu na pikolo yake mapajani, anahesabu kimya kurasa nzima, kisha anatakiwa aruke peke yake juu ya violini na tarumbeta na ngoma zote, bila kukosea, kwa sababu pikolo haina pa kujificha. Ukumbi mzima husikia.

Angeweza kusema hapa hakuna nafasi. Lakini babu wa kazi hii, kama ingekuwa na babu, angemlaani: mpiga filimbi hamnyimi mwenzake chumba.

"Hapo pembeni kuna stoo ya viti vibovu," alisema. "Ina dirisha. Kuanzia alasiri mimi nafundisha. Ukisikia wanafunzi wangu wanakosea, usicheke."

"Nitacheka vipi? Hata mimi nilianzia hapo hapo."

Alipotoka, Bi Mkunga aliifuta filimbi yake taratibu na kitambaa. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, mkunga mstaafu, na aliponunua filimbi baada ya kustaafu watoto wake walidhani mama yao ameanza kuchanganyikiwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akiutazama mlango.

"Bi Mkunga, tafadhali."

"Mimi nimesema nini? Nimesema methali. Ila mtu anayesubiri sauti ya kikongwe iishe ndipo agonge, huyo amelelewa."

"Huyo amekuja kuchukua kiti changu."

Tabasamu la Bi Mkunga lilififia. Aliketi, akaiweka filimbi magotini. "Basi ngoja nami nikwambie langu, ili siku yako iharibike yote kwa pamoja. Lile onyesho la wanafunzi kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi saa kumi. Naona sitapanda."

"Tena?"

"Mara mbili nimefika hadi ngazi za jukwaa, nikageuza. Wewe unajua. Ajabu, eh? Maisha yangu yote nimewaambia wanawake wa watu, vuta pumzi, usiogope, mtoto yuko njiani. Mimi mwenyewe nikisimama mbele za watu, pumzi inakimbia kama deni."

"Ukiwa humu pumzi haikimbii."

"Humu uko wewe. Nakusikia ukivuta pumzi hapa kushoto kwangu, nami navuta, basi sauti inatoka yenyewe. Bila hiyo, mwalimu, naanza na nini? Jicho hili la kushoto halioni vizuri, hata ukinipungia mkono sikuoni." Akaigeuza filimbi magotini. "Wanangu wote wanakuja. Nikigeuza mara ya tatu, filimbi hii nitaigawa."

Chiriku aliinama akamshika mkono ule uliowapokea watoto wasio na idadi. Usaili ulikuwa asubuhi, onyesho alasiri. Hesabu ilikaa sawa.

"Nitakuwa kushoto kwako," alisema. "Nakuahidi."

*

Ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba. Siku zilizofuata Chiriku alijikuta akifundisha kwa sikio moja. Lile jingine lilikuwa ng'ambo.

Mgeni alianza kila siku na sauti ndefu, moja moja, kama mtu anayechota maji bila kuyatikisa. Hakuwa na papara. Sauti yake ya chini ilikuwa nzito na ya joto, na alipopanda juu haikuchongoka. Chiriku alitamani kumchukia. Alijaribu kwa bidii. Lakini utamchukiaje mtu anayerudia mstari uleule mpaka kosa lenyewe lichoke?

Siku ya pili alimkuta ameketi kwenye ngazi, nje ya chumba cha darasa. Alikuwa anasikiliza. Ndani, Chiriku alikuwa ametoka kumfundisha msichana mmoja ambaye kila akipuliza kwa nguvu sauti ilimruka juu.

"Ulimwambia apulize mvuke kwenye kioo," mgeni alisema. "Kisha ukamwondolea kioo. Akapata sauti hapo hapo. Mimi hilo nilihangaika nalo mwaka mzima kwa mwalimu aliyenichapa vidole."

"Kila mtu ana mlango wake. Kazi yangu ni kuzunguka nyumba mpaka niupate."

"Na huchoki? Asubuhi mazoezi yako, mchana wanafunzi, jioni okestra."

"Nachoka. Lakini nikipiga jukwaani watu wanapiga makofi, wanakwenda zao. Humu ndani mtu anatoka na kitu ambacho hakuingia nacho." Akaona aibu kwa kuongea sana. "Na wewe hufundishi?"

"Nafundisha. Ila sikuwahi kulisema vizuri hivyo." Aliinua macho. "Unajua nilikusikia mara ya kwanza wapi? Redioni. Nilikuwa nachemsha chai. Ikaja pikolo peke yake, juu kabisa, laini, pale ambapo wengine wote hutoboa masikio ya watu. Nikasimama na kijiko mkononi. Chai ikafurika, ikazima jiko. Mtangazaji hakutaja aliyepiga. Nikauliza kwa watu mpaka nikapata: anaitwa Chiriku."

 Kuna wanawake husifiwa macho, wengine mwendo. Chiriku hakuna aliyewahi kumsifu sauti moja, tena ile iliyomgharimu miezi ya kuamka mapema na kuweka pikolo kwapani ipate joto, maana ikipoa hushuka sauti na kumwaibisha mwenyewe.

Ndipo alipoona hawezi kuendelea kumficha.

"Jumamosi nami nimo," alisema. "Kiti hicho hicho."

Mgeni alisimama. Uso wake ulibadilika. Si kwa hasira, kwa huzuni. "Na ulinipa chumba?"

"Ungefanya mazoezi wapi? Barabarani?"

"Mimi nitaondoka. Nitatafuta pengine."

"Hutaondoka. Ila kuna kitu nataka uniahidi." Alikaza sauti. "Usije ukanihurumia. Nakuona wewe ni mtu wa huruma, na huruma kwenye kazi hii ni tusi. Jumamosi piga kama unavyopiga nyuma ya huu ukuta. Nikishinda, nishinde kweli."

Walitazamana. Mahali pale kwenye ngazi palikuwa pembamba, na hakuna aliyepisha.

"Naahidi," alisema mgeni. "Na wewe?"

"Mimi? Mimi sijui huruma. Waulize wanafunzi wangu."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipokwisha bado walikuwa wanatazamana.

Mama yake Chiriku aliwakuta hivyo hivyo. Alikuwa amekuja na gauni jeusi la usaili, amelipiga pasi mwenyewe, amelilaza mikononi kama maiti wa mfalme.

"Hodi hapa! Au nirudi kesho?"

"Karibu, mama. Huyu ni... mgeni wetu."

"Shikamoo, mama," mgeni alisema, akaruka ngazi mbili kwa mkupuo ili ampishe.

"Marahaba, mwanangu. Unafanya kazi gani?"

"Napiga filimbi, mama."

Mama aliutazama mkono wa ngazi kana kwamba anaomba ushahidi. "Na mchana?"

"Mchana nafundisha filimbi."

"Mungu wangu! Hivi mko wangapi nyie?" Alimgeukia binti yake. "Kaka yangu ana ofisi, ina meza, ina kiyoyozi, ina nafasi yako tangu mwaka juzi. Nimekuvumilia. Nimesema ngoja apate hicho kiti cha kudumu, nami nitafunga mdomo. Sikusema nenda ukatafute mwenzio wa kupuliza naye. Nyumba ikiwa na wapulizaji wawili, nani atafungua mlango wageni wakigonga?"

"Tutapokezana, mama," mgeni alisema, kabla hajafikiri.

 Chiriku aliangalia viatu vyake. Mama naye alimwangalia kijana yule kuanzia nywele hadi kisigino, akaguna, na mlio ule wa kuguna haukuwa wa kukataa kabisa.

"Jumamosi," alisema, akimkabidhi binti yake gauni. "Kwanza kiti. Mengine baadaye."

*

Jumamosi waliitwa kwa namba. Jukwaani kulikuwa na pazia zito, majaji upande mmoja, mpigaji upande wa pili, na zulia lililotandikwa ili hatua zisimtambulishe mtu kama ni mwanamume au mwanamke, mzito au mwepesi. Wote walivua viatu. Chiriku alikuwa namba tatu. Alipiga kuliko alivyowahi kupiga maishani, na mara moja tu, katikati ya mstari mrefu, alisahau kuwa kuna pazia.

Mchujo wa kwanza uliwaacha watano. Wa pili uliwaacha wawili: namba tatu, na namba saba.

Namba saba alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, soksi moja imetoboka kidoleni. Alipomwona Chiriku akitokea, alicheka bila sauti, akasogea ampe nafasi.

Kisha katibu wa okestra akafungua mlango. "Hongereni. Majaji wamebishana mpaka wamechoka, wameomba wapumzike, wapate chakula. Mtasikilizwa tena saa kumi kamili. Namba tatu ataanza."

Chiriku alimsogelea. "Saa kumi? Tangazo lilisema adhuhuri tutakuwa tumemaliza."

"Tangazo lilisema hivyo, ndiyo."

"Naweza kupiga sasa hivi? Au jioni, saa kumi na mbili?"

"Dada yangu, pazia halimngoji mtu. Namba ikiitwa na kimya kikajibu, tunakwenda inayofuata." Hakuwa mtu mbaya, alisema kwa masikitiko. Akafunga mlango.

Mgeni alikuwa amekwisha kusimama. "Bi Mkunga," alisema. Alijua, kuta ni nyembamba pande zote mbili.

"Bi Mkunga."

"Nitakwenda mimi. Nimeusikia wimbo wake wiki nzima, sauti ya pili naijua kwa kichwa. Wewe baki."

"Hakufuati wewe. Anafuata pumzi yangu. Ameizoea kama mtu anavyozoea ngazi za nyumbani kwake gizani. Akisikia ya mtu mwingine hatapanda." Chiriku alitikisa kichwa. "Halafu ukiondoka wewe, ile ahadi yako itakuwa imekwenda wapi?"

"Uliniambia nisikuhurumie ukiwa jukwaani. Hukusema nisikupende ukiwa benchini."

Yalimtoka hivyo, hata yeye mwenyewe akashtuka. Chiriku alifumba macho. Akiwa msichana aliwahi kuwaza siku atakayoambiwa neno hilo. Katika mawazo yake kulikuwa na maua, hakukuwa na soksi iliyotoboka.

"Hapo hapo ulipo," alisema kwa sauti ndogo, "keti. Ukipiga ovyo kwa ajili yangu, kiti watakiacha wazi, na mimi sitakutazama tena. Kile kiti kinastahili mtu. Kama si mimi, uwe wewe."

"Na nikikipata? Utaweza kunitazama?"

"Pikolo inakaa safu moja na filimbi ya kwanza, hujui? Nitakuwa hapo kila jioni. Ukikosea, nitakukanyaga."

 Mgeni alimshika vidole; vilikuwa vya baridi, naye akavifunika kwa viganja viwili, akavipulizia polepole, pumzi ya joto, ya chini, kama anayeipasha filimbi kabla ya kuanza.  Kisha Chiriku akavichomoa vidole vyake, akachukua viatu mkononi, akatoka.

Mama alikuwa anamsubiri ukumbini mbele. Alipoona viatu mkononi, aliinuka. "Wamekutoa?"

"Nimebaki mmoja wa wawili, mama."

"Alhamdu... Sasa unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Mkunga. Onyesho lake saa kumi. Na mimi ninaitwa saa kumi."

Ndani ya teksi mama aliongea njia nzima, mpaka dereva akazima redio ili asikilize vizuri.

"Miaka yote! Miaka yote nimesikia fii-fii-fii kwangu asubuhi kabla jogoo hajapiga mswaki! Nimewaambia majirani wavumilie! Leo kiti kiko hapa," alipiga goti lake, "hapa! Nawe unakiacha kwa ajili ya bibi anayepuliza kama birika!"

"Nilimwahidi, mama."

"Angeelewa!"

"Angeelewa, ndiyo. Angesema hapana neno, mwanangu, halafu angeigawa filimbi." Chiriku alikuwa analia sasa, machozi bila sauti, asiyafute. "Mama, mimi nikimwambia mtu vuta pumzi, nipo, ananiamini. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nikikaa kiti cha kwanza nikiwa nimemwacha pale kwenye ngazi, nitapuliza nini?"

 Dereva, bila kuulizwa, akaongeza mwendo.

Walimkuta Bi Mkunga chini ya ngazi za jukwaa la shule, amevaa vizuri, filimbi kifuani, uso umepauka. Mkoba wake mkubwa ulikuwa umemning'inia begani kama mtu aliye safarini.

"Nilikuwa naondoka," alisema. "Nimesikia kwa simu kwamba usaili umesogezwa. Mwalimu, umefuata nini huku? Rudi! Rudi mara moja, utachelewa!"

 Aliyejibu ni mama yake.

"Nipe huo mkoba, dada yangu," alisema, akautoa begani mwa Bi Mkunga kwa nguvu kidogo. "Nitakushikia. Wewe panda. Huyu hajaja huku kukutazama ukishuka."

Walipanda. Mstari wa mbele walikaa watoto wa Bi Mkunga, watu wazima wenye mvi, wamekunja mikono, nyuso za watu waliokuja kwa adabu tu. Taa zilikuwa kali. Chiriku alisimama kushoto, karibu sana, mabega yakagusana.

Saa ya ukutani ilikuwa inafika kumi. Ng'ambo ya mji, katibu alikuwa anaita namba tatu. Chiriku aliliona zulia, akaliona pazia, akakisikia kile kimya kinachojibu. Kiliingia kifuani kikamuuma, naye akakiacha kimuume. Baada yake mtu mmoja mwenye soksi iliyotoboka angesimama apige kwa uwezo wake wote, kwa sababu aliahidi.

Mpiga filimbi wa kweli hufundishwa kuvuta pumzi bila kusikika. Chiriku alikuwa ametumia ujana wake kujifunza hilo, na wanafunzi wake aliwakemea kila siku.

Alifungua kifua, akavuta pumzi ndefu, kubwa, ya makelele, ukumbi mzima ukaisikia. Kulia kwake pumzi ya pili ikaifuata.

Wakaanza pamoja.